Hodi ya Tatu

Siku ya thelathini na nane mama aliacha kumeza. Nesi alimpitishia kijiko cha uji mdomoni kama siku zote, uji ukateremka kidevuni ukaloanisha kanga, na Atuganile, aliyekuwa amekaa pembeni ya kitanda, akaufuta kwa kiganja. Alijua maana yake. Wodi nzima ilijua. Mgonjwa aliyeganda akiacha kumeza amebakiza siku mbili, tatu akijaliwa sana.

Bi Tusekile alikuwa na miaka sabini na moja, na uso wake chini ya kofia ya mchezo ulikuwa uso wa mtu mwenye furaha. Hilo ndilo lililomuumiza binti yake kuliko yote. Angekuwa analia au ananung'unika, mtu angejua pa kuanzia. Yeye alikuwa anatabasamu, na vidole vya mkono wake wa kulia vilitembea juu ya shuka vikipapasa kitu kisichoonekana. Vilipapasa, vikashika, vikatulia. Baada ya dakika kumi na moja vikaanza upya.

"Huwa anatafuta nini huyu bibi?" nesi aliuliza, akikunja kitambaa.

"Kiatu," Atuganile alisema.

"Kiatu cha nani?"

Atuganile aliinama akakaza ncha ya shuka. Kiatu kile alikiweka yeye mwenyewe, na wanasema mficha maradhi kifo humuumbua.

*

Sasa hapa inabidi nieleze kidogo, maana kuna watu bado wanasema michezo ya kompyuta ni mambo ya watoto. Waache waseme. Mchezaji wa kweli wa michezo ya safari, ile ambayo unapewa jina, upanga na dunia ya kuokoa, husahau mwisho wake kabla ya wiki kwisha, lakini mwanzo anao mpaka uzeeni. Nenda kijiwe chochote cha kahawa pale Mbeya, taja mwanzo unaoupenda, halafu kaa pembeni usikilize ugomvi. Huyu atakuja na kengele ya meli inayozama. Yule atakuja na kijiji kilichochomwa moto kabla hajamaliza hata kujifunza kutembea. Kahawa itapoa na hawajaafikiana.

Mpaka ulipotoka mchezo wa Milango Tisa. Hapo ugomvi uliisha, maana wote walikubali kwamba mwanzo umepata mwenyewe.

Mwanzo huo aliutengeneza Atuganile. Siri yake ilikuwa kifaa kidogo ndani ya kofia, walichokiita kichota. Ulipovaa kofia, kichota kilichota kwenye kumbukumbu zako asubuhi moja, ile nzito kuliko zote, kikakujengea nyumba yenu vilevile ilivyokuwa: moshi wa jikoni, ufa wa ukutani, sauti za watu wenu hata waliokwisha kuzikwa. Juu ya asubuhi hiyo yako Atuganile aliweka mambo mawili tu ya kwake. La kwanza, kuna kiatu kimepotea, na katika kukitafuta unajifunza kuangalia, kuinama na kushika. La pili, ukishakipata, nje kunabishwa hodi. Ukisema karibu, mlango unafunguka, mjumbe anaingia, anaketi, mnasalimiana kama watu, halafu anakupa habari ya kuivunja nyumba na kukutia njiani. Michezo mingine ilichoma kijiji. Wake ulibisha hodi.

Watu walilia, wakaucheza mwanzo ule mara kumi bila kugusa mlango wa pili. Walipewa asubuhi ambayo walidhani wameshaizika, nani angekimbilia kuiacha?

Siku ya kuupitisha, bosi wake aliuliza swali moja. "Na mchezaji asipoitikia hodi?"

Chumba kizima kilicheka, na Atuganile akacheka nao. Wote pale walikuwa watu wa nyumba zenye adabu. Hodi isiyoitikiwa waliijua kwenye nyumba tupu tu. "Mgeni atabisha mara tatu," alisema, "asipoitikiwa ataondoka zake, kama tulivyolelewa. Asubuhi itaanza upya, na mchezaji atajaribu tena." Wakaandika hivyo, wakaenda kula.

Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu atakayesikia hodi, akajua kabisa ni ya nini, akanyamaza.

Walianza mmoja mmoja. Mwalimu mstaafu mmoja, kisha dereva wa malori, kisha mama na binti yake siku moja. Walinyamaza kwenye hodi, asubuhi ile ya dakika kumi na moja ikaanza upya, wakanyamaza tena, na kufikia siku ya pili ubongo ulikuwa umeshika mzunguko ule ukakataa kuuachia. Kuwavua kofia kwa nguvu kulirudisha mwili bila mtu ndani. Mafundi walipobadilisha mchezo ili mjumbe asukume mlango aingie bila kukaribishwa, wagonjwa wawili moyo ulisimama papo hapo, kwa sababu ndani kule walivamiwa nyumbani kwao. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu. Njia ya kutoka ilikuwa moja: mgonjwa mwenyewe, kwa kinywa chake, aseme karibu. Mgeni akivuka kizingiti tu, mzunguko unakatika na mtu anarudi.

Na mama? Mama alikuwa hana habari na michezo. "Mimi na hayo makofia wapi na wapi," alikuwa akisema. Atuganile ndiye aliyempelekea moja kule Tukuyu, kwa kiburi cha mtoto anayetaka mama yake aone dunia nzima inamsifia kwa nini. Mama aliivaa sebuleni, akaivua, akaiweka mapajani. Halafu akauliza, "Atu, kile kiatu, kwa nini kiko chini ya kitanda?"

Atuganile alisema, "Mama, chai inapoa." Usiku ule mama aliivaa tena peke yake, na hodi ilipobishwa hakuitikia.

*

Daktari Ambokile alikuwa mtu mzima mwenye mvi za mapema na tabia ya kuongea huku akitazama mashine ya moyo badala ya mtu. Siku ile alizima sauti ya mashine, akamgeukia. Atuganile akajua mambo yamefika ukingoni.

"Dada Atu, maji yamezidi unga. Nina njia moja, na nimeshaitumia kwa watu watano. Wote watano wako nje."

"Ipi?"

"Kichota kina sauti ya yule mtoto, marehemu ndugu yako."

"Lusajo."

"Lusajo. Tunamtoa mle ndani kidogo, anakwenda uani kama mtoto anavyokwenda uani. Kisha sauti yake inabisha hodi mlango wa mbele. Mama gani atanyamaza? Atasema karibu kabla hajafikiri. Mlango unafunguka, tunakuingiza wewe, unavuka, basi."

"Na Lusajo atakuwa nje ya mlango?"

"Nje ya mlango utakuwepo wewe."

Atuganile aliangalia vidole vya mama yake vikipapasa shuka. "Hao watano wako wapi? Nataka kumwona mmoja."

Daktari alisita. Hapo tu mtu mwenye akili angeshajua. Lakini hakuwa mtu mbaya, akampeleka.

Bwana Asukile alikuwa kwenye baraza la nyuma, mchana kweupe, kakaa kwenye kiti cha plastiki akiutazama mlango. Alikuwa ametolewa wiki tatu zilizopita kwa sauti ya marehemu mke wake. Sahani ya ndizi na nyama ilikuwa imepoa magotini mwake.

"Shikamoo, baba," Atuganile alisema.

"Marahaba. Umekuja naye?"

"Na nani, baba?"

"Alibisha hodi." Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Nimeisikia kwa masikio yangu. Miaka sita sijaisikia, siku ile nikaisikia. Nikasema karibu. Sasa sijui ameingilia mlango gani. Hapa pana milango mitatu, mimi nimeuona huu tu. Binti yangu ananiambia nile. Nitakulaje na mtu yuko nje hajaingia?"

Atuganile alimwondolea sahani magotini. Walipofika kwenye korido alimshika daktari mkono wa koti.

"Hivi ndivyo atakavyokuwa mama yangu."

"Atakuwa hai."

"Akimngoja Lusajo mlangoni mpaka afe."

"Dada Atu." Daktari alikuwa amechoka, na uchovu ulimfanya aseme kweli. "Mimi kazi yangu ni mapigo ya moyo. Hayo mengine ni yenu nyumbani. Ukitaka kuingia kwa sauti yako mwenyewe, sikukatazi. Ila nikuambie wazi. Kila mtu mgeni anayeingia kwenye asubuhi ya mgonjwa anaubebesha moyo wake, na huu wa mama hautabeba mara mbili. Una hodi tatu. Zikiisha hajaitikia, hakuna siku nyingine."

"Na tukimwacha tu?"

"Atakufa keshokutwa, akitabasamu."

Alikaa chini palepale sakafuni, mgongo ukutani, mwanamke wa miaka arobaini na minne mwenye jina kubwa mjini, akajiona hafai kitu. Amtoe mama yake kwa uongo ambao ungemla maisha yake yote, au ajaribu kwa haki na pengine amuue. Au amwache na furaha yake. Alitaka mtu mzima aje amwambie la kufanya, na mtu mzima mwenyewe ndiye huyo aliyekuwa kitandani.

"Nitaingia kwa sauti yangu," alisema mwishowe.

"Mama hajawahi kuitikia, na amebishiwa kutwa kucha. Una kitu gani cha kumwambia ambacho mjumbe hana?"

Alikuwa nacho. Miaka thelathini na mitatu alikuwa nacho.

*

Asubuhi ile Atuganile alikuwa na miaka kumi na mmoja, ana homa, haendi shule. Lusajo alikuwa na minane. Jioni ya jana yake Lusajo alikuwa amekula karanga za dada yake, zilizokuwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, akazila zote, akamwachia gazeti. Kosa la kitoto, adhabu ya kitoto: kabla hakujapambazuka Atuganile aliteremka kitandani na homa yake, akachukua kiatu cha kushoto cha Lusajo, akakisukumiza nyuma ya gunia la maharage. Alitaka ahangaike kidogo tu.

Alihangaika kweli. Mama naye akahangaika, akainama kila kona, akatazama juu ya dari la kuni. Atuganile alijifunika blanketi akicheka. Kisha kucheka kukaisha, kwa sababu mama alianza kukasirika na sasa kusema kiatu kilipo kulimaanisha fimbo. Akanyamaza. Mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku. "Utachapwa ukichelewa," mama alimwambia Lusajo, "vaa ndala uende, kiatu tutakitafuta." Lusajo akavaa ndala. Daraja la kwenda shule lilikuwa la magogo mawili.

Saa nne jirani alibisha hodi. Mama alisema karibu. Jirani aliingia, akaketi kwenye kigoda cha wageni, akakunja mwavuli wake polepole. "Habari za huko?" mama aliuliza. "Nzuri," akasema, kwa sababu habari ya namna ile haitupwi mlangoni, hutanguliwa na nzuri. Baada ya hapo akaisema.

Siku ya tatu, nyumba ikiwa imejaa watu wa msiba, Atuganile alipapasa nyuma ya gunia. Kiatu hakikuwepo. Hakuuliza, wala hakuulizwa. Alikua, akasoma, akajifunza kujenga dunia nzima kwa namba, na kwenye mwanzo wa kwanza alioujenga aliweka kiatu chini ya kitanda, mahali ambapo mtu yeyote akiinama anakipata. Alidhani hiyo inatosha.

*

Walimlaza kitanda cha pili, wakamvika kofia. Sauti ya Daktari Ambokile ilibaki sikioni mwake kama redio ya nyumba ya jirani.

Kulikuwa na mvua nyembamba na harufu ya migomba iliyoloa. Mlango ulikuwa uleule, wa mbao nyeusi, na chini yake ile alama aliyoikwangua paka wao. Alisimama mbele yake akiwa mtu mzima. Ndani palikuwa na watu.

"Mama, kimoja hakionekani."

Hakuwa amejiandaa kwa sauti ile. Alidhani anaikumbuka. Kumbe miaka yote alikuwa anakumbuka picha tu, sauti ilishampotea, na hii hapa, nyembamba, yenye kikohozi kidogo kila mwisho wa neno.

"Angalia chini ya kitanda, baba," mama akasema, na kicheko kilikuwa kinywani mwake tayari. "Kipo?"

"Kipo."

"Si nilikuambia."

Atuganile alibana mdomo kwa mkono. Alitamani kuketi pale kizingitini asikilize mpaka na yeye aache kumeza. Tamaa ile ilimjia kubwa, haina aibu, na kwa mara ya kwanza akawaelewa wote waliolala kwenye ile wodi.

"Dada Atu," daktari akasema sikioni. "Moyo umeanza kupanda. Anza."

"Hodi," alisema.

"Mama, kuna mtu," Lusajo akasema.

"Hakuna mtu. Vaa soksi."

Alingoja. Mvua iliendelea. Alipumua mara mbili, akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

"Hodi, mama. Ni Atu."

Hapo mama alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mjumbe. Alijibu. Ila hakusema karibu.

"Atu amelala hapa, ana homa. Nenda zako."

"Ni Atu mkubwa, mama."

"Najua wewe ni nani. Nimekusikia unavyokanyaga." Sauti ilikuwa ya mama wa zamani, wa miaka thelathini na minane, lakini uchovu ndani yake ulikuwa wa bibi wa sabini na moja. "Na ulichokibeba nakijua. Nilishakipokea mara moja. Rudi, mwanangu. Mimi hapa sina shida. Mtoto ana viatu vyote viwili, atafika salama."

"Hafiki, mama. Hatoki. Umemzuia hapo ndani karibu mara elfu tano."

"Basi asitoke."

"Unakufa, mama. Huku umeacha kumeza. Keshokutwa tunakuzika."

"Mnizike."

"Na mimi je?" Hakukusudia kulisema hivyo, lilimtoka kama la mtoto. "Mimi nibaki na nani?"

Hatua zilisogea ndani. Mama alipoongea, aliongea karibu kabisa na mlango, taratibu, ili wa ndani asisikie.

"Wewe ulikua, Atu. Umekuwa na mama miaka arobaini na minne. Huyu ana dakika kumi na moja."

Atuganile alikandamiza kiganja kwenye mbao.

"Imebaki moja," daktari alisema, na sasa aliongea haraka. "Moyo unaruka mapigo. Dada Atu, nisikilize. Sauti ya mtoto ninayo hapa tayari. Mtoto nampeleka uani sasa hivi. Wewe usiseme kitu, sema ndiyo tu, nitabisha mimi. Atafungua. Nakuhakikishia atafungua."

Mfa maji haachi kutapatapa, na alikuwa mfa maji kweli. Neno lilikuwa ulimini. Aliona mlango ukifunguka, mama akitoka na mikono wazi. Kisha akaona kiti cha plastiki barazani, na sahani inapoa.

"Hapana," alisema. "Zima hiyo sauti."

"Dada Atu..."

"Zima, daktari."

Akapiga magoti kwenye tope, mdomo kwenye ufa wa mlango, mahali alipokuwa akichungulia nje utotoni.

"Mama. Kiatu hakikupotea. Nilikificha mimi. Alikula karanga zangu nikakificha nyuma ya gunia la maharage. Wewe unatafuta mimi nilikuwa nimejifunika blanketi nacheka. Halafu nikaogopa fimbo. Ulipomwambia avae ndala nilisikia, mama. Nilikuwa macho. Ningesema neno moja tu asingevaa ndala. Sikusema siku ile, sikusema msibani, na sijasema mpaka leo. Nimekiweka chini ya kitanda kwenye huu mchezo ili wewe ukipate. Si wewe uliyemuua kwa kumharakisha. Ni mimi."

Hata yule mtoto alinyamaza. Atuganile alisikia damu masikioni, na mbali sana mashine ikilia wodini, na akajua ameshamuua na mama pia.

"Nilikikuta," mama alisema.

"Nini?"

"Siku ya pili ya msiba, nafagia wageni walale. Nilikikuta nyuma ya gunia. Nikakifunga kwenye kitenge nikakizika chini ya migomba, baba yako asikione. Unamjua baba yako alivyokuwa, angekuua."

"Ulijua? Miaka yote hii ulijua?"

"Kiatu hakina miguu, Atu. Hakiendi chenyewe nyuma ya gunia. Nilikuwa nakungoja uniambie. Mwaka wa kwanza nikangoja. Wa pili nikasema bado mtoto huyu. Ukaenda bweni, ukaenda mjini, kila ukirudi likizo nasema leo ataniambia. Sikutaka kukutoa kwa nguvu. Juzi nikavaa kofia yako, nikainama, nikakiona chini ya kitanda, nikasema haya, leo amenipa. Nikakuuliza. Ukaniambia chai inapoa."

Atuganile alilia kama mtu mzima anavyolia akiwa hana pa kujificha, kwa sauti, kamasi na mvua vikichanganyika.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe ile siku na ufagio mkononi. Ungeuliza ungejua. Humu ndani nilibaki na huyu mmoja, kwa sababu wewe hukuwahi kunibishia. Ulituma mjumbe." Kisha sauti ikabadilika, ikawa ile ya kila asubuhi, ya kukaripia kidogo. "Haya, inuka hapo kwenye tope. Futa pua. Mtu habishi hodi huku analia, atawatisha watu. Na ningoje kidogo, nimfunge kamba."

Akangoja. Alisikia kigoda kikivutwa, na mama akisema mguu, akasema mwingine. Akasikia mkono ukipigapiga shati la shule kutoa vumbi ambalo pengine halikuwepo. Ilichukua muda mrefu kuliko kamba mbili zinavyohitaji, na daktari sikioni hakuthubutu kuharakisha.

Atuganile alisimama, akafuta pua kwa mkono wa gauni.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mwanangu."

"Amesema," daktari alisema, sauti ikimkatika. "Amesema, Dada Atu. Vuka."

Mlango ulifunguka, na wa kwanza kutoka alikuwa Lusajo, begi mgongoni, viatu vyote viwili vimefungwa fundo la kukaza. Alimkuta mwanamke asiyemjua amesimama kizingitini, macho mekundu. Akasimama wima kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

Atuganile alilitafuta neno mpaka akalipata. "Marahaba. Nenda polepole, barabara inateleza."

"Nina viatu," Lusajo alisema, akapita. Soli zake zililia kwenye mawe ya uani, kisha kwenye tope, kisha hazikusikika tena. Atuganile hakugeuka. Aliinua mguu, akavuka.

Ndani palikuwa na moshi wa kuni na kitanda chenye mtoto mwenye homa, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Mama yake alikuwa amekaa karibu na meko, mdogo kuliko yeye kwa miaka sita, mikono imelala mapajani haina cha kufanya. Alimwonyesha kigoda cha wageni. Atuganile akaketi. Kuta zilikuwa zimeanza kufifia pembeni, lakini habari ya namna ile haiharakishwi, na wote wawili walilelewa nyumba moja.

"Habari za huko?" mama aliuliza.

"Nzuri, mama," Atuganile alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa, akamshika mkono, akangoja asikie nyingine.